Kivuli cha Herufi Mlangoni

Gari linaporudi Bukavu kutoka Kamituga katika majira ya mvua, rangi yake haijulikani. Tope limepanda kutoka kwenye rimu hadi chini ya vioo, limekauka ndani ya bawaba za milango, na huko nyuma, chini ya gurudumu la akiba, hata namba haisomeki. Likiegeshwa Kasha, upande wa Bagira ambako mji unaanza kuachana na mashamba ya Kabare, saa moja haiishi kabla mtoto wa jirani hajaandika jina lake mlangoni kwa kidole. Mtoto hana kosa. Ubao mpana kama ule ataupata wapi? Lakini kidole kile kinaburuta punje za mchanga juu ya rangi, na jina lake litaendelea kusomeka jua likiinama, hata baada ya gari kuoshwa mara kumi.

Mazungumzo ya leo, msikilizaji, ni juu ya rangi ya gari kubwa la njia mbovu: jinsi inavyochakaa, jinsi mashine inavyoirudishia mng'ao, na kile ambacho mwenye gari hukilipia bila kujua.

Tuchukue gari moja la mfano. Ni Land Cruiser nyeupe, ndefu, ya ule mfululizo wa 70 ambao Bukavu nzima inaujua: pua fupi, ubavu ulionyooka, viti vya nyuma vinavyotazamana. Liliwahi kuwa gari la shirika la misaada. Shirika likalitumia miaka, likalipeleka Shabunda, likalipeleka Fizi, mwisho likaliuza. Aliyelinunua amelileta kwa fundi na maombi mawili.

"Fundi, nataka ing'are. Na maandishi yale yatoke."

"Maandishi gani, papa? Stika si zimekwisha banduliwa?"

"Simama hapa pembeni, utazame."

Fundi anasogea hatua tatu, anainamisha kichwa, naye anayaona. Katikati ya mlango, weupe juu ya weupe, herufi bado zipo.

Gari la aina hii lina nasaba ndefu. Toyota ilitengeneza babu yake mwaka 1951, likiitwa BJ, na mwaka huohuo likapanda mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo gari halikuwa limefika. Jina la Land Cruiser lilikuja 1954. Mfululizo wa 70 ulianza kuuzwa Novemba 1984, na tangu hapo umbo lake limebadilika kidogo sana. Mashirika ya Umoja wa Mataifa na ya misaada hununua magari ya mfululizo huu kwa wingi kupitia kampuni iliyoko Gibraltar, Toyota Gibraltar Stockholdings, ambayo kazi yake ni kuyaandaa magari haya na kuyasafirisha kwenda nchi zenye vita, njaa na mafuriko. Ndiyo maana mtu wa Bukavu akisikia "gari la shirika" hahitaji kuelezwa zaidi: gari jeupe, antena ndefu mbele, nembo mlangoni. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, MONUSCO, ulifunga shughuli zake Kivu Kusini mwezi Juni 2024, lakini gari jeupe halikutoweka mjini. Lingine lina nembo mpya, na lingine, kama hili letu, lina kivuli cha nembo ya zamani tu.

Kivuli kile si uchafu, wala si mabaki ya gundi. Rangi nyeupe hupata weupe wake kutokana na unga wa oksidi ya titani, na unga huo umeshikwa pamoja na resini, utomvu unaokauka na kuwa mgumu. Miale ya jua ya urujuanimno huivunja resini iliyo juu kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na unga unabaki bila wa kuushika. Pitisha kiganja juu ya boneti la gari jeupe lililozeeka juani: kitatoka cheupe kama cha mwalimu aliyeshika chaki asubuhi nzima. Chini ya stika jua halikufika. Rangi ya pale ni ileile iliyotoka kiwandani, laini na nzima, wakati majirani zake wote wamelika. Jicho linaona tofauti hiyo na kuisoma kama maandishi.

Na jua la Bukavu ni kali kuliko linavyoonekana, kwa sababu hewa ya ziwa inadanganya. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na kwa kila mita 1,000 za kupanda urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mwenye gari amevaa koti kwa ajili ya baridi ya asubuhi. Paa la gari lake linaungua.

Sasa kuhusu unene. Bati la gari la kisasa huvikwa tabaka kadhaa. La kwanza huwekwa kwa kuzamisha bodi zima ndani ya bwawa la rangi lenye mkondo wa umeme, ili rangi iingie mpaka kwenye kona ambako brashi haifiki na kutu isipate mlango. Juu yake huja rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na mara nyingi vanishi, ile ambayo kwa mafundi wa Bukavu ni verni. Kwa magari mengi tabaka zote pamoja hazizidi maikroni 100 hadi 150, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita na kitu kidogo. Vanishi peke yake ni maikroni 40 au 50. Unywele wa kichwani unakaribia 70. Kile kinachomfanya mtu ajione uso wake kwenye mlango wa gari ni chembamba kuliko unywele wake mwenyewe.

Tena magari meupe ya kazi mara nyingi hayana hata hiyo vanishi. Rangi yao ni ya tabaka moja, ndiyo inayong'aa na ndiyo inayopigwa jua. Fundi makini hulitafuta jambo hili kabla ya kugusa chochote: anachukua kitambaa cheusi na polishi isiyo nyeupe, anasugua mahali pa kificho, karibu na kizingiti cha mlango. Kitambaa kikitoka na weupe, anajua kwamba anachokata ni rangi yenyewe na hakuna ngao juu yake.

Maana kung'arisha kwa mashine ni kupunguza. Hapa ndipo wenye magari wengi wanapokosea, na si ajabu, kwa sababu neno polishi linawafanya wafikirie viatu: unapaka kitu, kitu kinabaki, kiatu kinang'aa. Kwenye gari ni kinyume. Mkwaruzo ni bonde dogo, na kingo zake hutawanya nuru ili isirudi sawasawa kwenye jicho. Bonde halijazwi. Kinachofanyika ni kuushusha uwanda wote ulio kando yake mpaka bonde lisiwepo. Kazi ya uangalifu inaweza kuondoa maikroni moja hadi tatu hivi. Kazi ya nguvu, au ya msasa, huondoa zaidi. Aliyenunua gari lililokwisha kupigwa mashine mara tano na wenyewe watano hawezi kuliona hilo kwa macho, mpaka siku ukingo wa boneti unapoanza kuonyesha rangi ya chini.

Mikwaruzo yenyewe inatoka wapi? Mwenye gari atalaumu barabara, na barabara ina hatia yake. Njia ya Bunyakiri hupita msituni, na matawi hupiga mbavu za gari. Njia ya Uvira kupitia mteremko wa Ngomo hurusha mawe kwenye madigadi, na kila jiwe huacha jeraha dogo linalofika hadi kwenye chuma. Lakini ile michirizo myembamba inayoonekana kama utando wa buibui ukiizunguka taswira ya jua juu ya boneti haikuletwa na barabara. Imeletwa na kuoshwa.

Tazama jinsi gari linavyooshwa kandokando ya ziwa au pembeni mwa barabara. Kijana ana ndoo moja, sabuni ya unga ya Omo, na kipande cha sponji kilichokatwa kwenye godoro. Anamwagia gari maji kidogo, kisha anasugua tope likiwa bado gumu. Sponji linaokota mchanga kwenye mlango wa chini na kuupeleka juu ya boneti. Linaanguka chini, linaokotwa, linachovywa kwenye ndoo ileile, linarudi kazini. Kila msuguo ni msasa. Kijana hufanya hivyo kwa sababu analipwa kwa gari, si kwa saa, na maji ameyabeba mwenyewe kwa kidumu kupanda mlima. Kumlaumu yeye ni dhuluma. Mwenye gari anayelipa fundi kwa dola ili aondoe mikwaruzo, kisha anabishana na muoshaji juu ya franka chache, ndiye anayeipanga mikwaruzo mingine kwa mkono wake.

Kuosha kunakookoa rangi hakuhitaji vitu vya ajabu. Kunahitaji maji mengi mwanzoni, kabla mkono haujagusa kitu. Tope limwagiwe, liachwe linywe, limwagiwe tena mpaka lidondoke lenyewe. Chini ya madigadi kwanza, maana ndiko tope linakokaa na unyevu wiki nzima likiipikia kutu. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Anza kusugua paani, malizia chini. Kitambaa kilichogusa rimu kisirudi juu. Sabuni ya unga ya nguo huondoa matope vizuri, lakini huondoa na nta yoyote iliyokuwa inailinda rangi. Halafu kuna neema moja ambayo mji huu unayo bila kuitafuta: mvua. Maji ya bomba au ya kijito yakikaukia juani huacha madoa meupe ya madini. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye mabati ya nyumba karibu hayana madini, kwa hiyo ni mazuri kwa kusuuza mwisho. Pipa moja chini ya mfereji wa paa, pale Kasha ambako REGIDESO, shirika la maji, haitoshelezi kila nyumba, lina thamani kwa fundi kama mashine yake.

Magari yanayotoka Goma yana balaa lao la ziada. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na hata volkano za Virunga zinapopumua tu, majivu huweza kutua juu ya paa na boneti. Majivu ya volkano si kama ya jikoni. Ndani yake mna chembe za kioo cha asili zenye kingo kali, na yakilowa hutoa asidi. Anayeyafuta kwa kitambaa kikavu amekwisha kulipiga gari lake msasa bila malipo. Hayo ni ya kumwagiwa maji, kwa subira, bila kuguswa.

Baada ya kuosha, fundi hupitisha vidole polepole juu ya rangi. Inaonekana safi, lakini vidole vinakwama kama juu ya ngozi yenye vipele. Ni lami, utomvu wa miti, vumbi la chuma kutoka kwenye breki, vyote vimejichomeka. Dawa yake ni udongo maalumu wa kufinyanga, laini kama unga wa ngano uliokandwa, unaoteleza juu ya maji ya sabuni na kuvuta uchafu huo nje. Mjapani Tadao Kodate ndiye aliyeupatia hataza Marekani katika miaka ya 1990. Kipande chake kikianguka chini kinatupwa. Ni uchungu, kwa sababu bei yake si ndogo na dukani hakipatikani kila siku, lakini kipande chenye mchanga ndani yake ni adui.

Sasa mashine.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza huzunguka tu, sponji likiwa kwenye mhimili mmoja kama gurudumu. Inakata haraka na kupasha joto haraka, na mkononi mwa asiyeizoea inaweza kula ukingo wa mlango kwa sekunde chache. Kasi yake ya kazi ni kati ya mizunguko 600 na 3,000 kwa dakika. Hili litajwe wazi, kwa sababu yupo atakayejaribu kufunga sponji kwenye gurinda ya kukatia vyuma, akiona zinafanana. Gurinda ndogo huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Rangi haina nafasi mbele yake.

Aina ya pili huzunguka huku ikiyumba, kama mkono wa mama anayekanda unga: haikai juu ya doa moja, kwa hiyo joto halirundikani. Inachukua muda mrefu zaidi, na inasamehe zaidi. Kampuni ya Rupes ya Italia, iliyoanzishwa 1947 karibu na Milano, ilizipa mashine hizi umaarufu kwa mfululizo wake wa BigFoot unaoyumba kwa milimita 15 au 21. Kwa ubavu mpana ulionyooka wa Land Cruiser, sponji kubwa lenye myumbo mrefu ni baraka. Kwa eneo la bawaba, vishikio vya milango na ule mfereji mwembamba unaozunguka paa, hakuna mashine iliyo bora kuliko vidole na kitambaa.

Ufundi huu ulianza kwenye samani kabla ya magari. Meguiar's ya Marekani, jina ambalo wapenda magari wanalijua, ilianza 1901 kwa kutengeneza polishi ya fanicha. Magari ya wakati huo yalipakwa vanishi kama makabati, tabaka juu ya tabaka, na kukauka kwake kulichukua wiki. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ilitoa rangi ya Duco, iliyokauka upesi, na General Motors ikaitumia kwenye magari ya Oakland ya 1924, ya buluu. Seremala wa Kadutu anayepiga msasa mlango wa mbao na kumalizia kwa kitambaa laini, na fundi wa Kasha anayeinama juu ya boneti, ni watoto wa ukoo mmoja.

Fundi haanzi na gari zima. Anafunga kwa skochi ya karatasi kingo zote, mipira ya vioo na plastiki nyeusi, kisha anachagua mraba mmoja wa nusu mita kwa nusu mita na kuufanya uwanja wa majaribio. Anaanza na sponji laini na dawa isiyokata sana. Dawa hizi ni unga mgumu, mara nyingi oksidi ya alumini, uliosagwa mno na kuchanganywa na vilainishi. Anapitisha mashine polepole, mistari ya ulalo, kisha mistari ya wima, mara nne au tano. Anafuta, anawasha tochi, anatazama. Ikiwa mikwaruzo imetoka, hiyo ndiyo dawa ya gari zima. Ikiwa haijatoka, anapanda daraja moja tu: sponji gumu zaidi, au sufu ya kondoo. Wale wanaoanza na dawa kali "ili tumalize mapema" hung'arisha kweli, na mwenye gari huondoka akicheka. Hasara iko chini, haionekani.

Dawa ya meno? Ndiyo, inakwangua, kwa sababu ina unga wa kukwangua, na alama ndogo inaweza kupungua. Lakini ilitengenezwa kwa meno, na hakuna anayejua inakata kiasi gani kwenye rangi. Kwa kipande cha ukubwa wa sarafu, sawa. Kwa mlango, hapana. Vivyo hivyo mazutu, yaani dizeli, inayopakwa kwenye matairi ili yaonekane meusi: inayalainisha na kuyaharibu.

Kazi hii yote inategemea umeme, na hapo fundi wa Bukavu anajua mambo ambayo mwenzake wa Milano hayajui. Umeme wa mji unatoka kwenye mto Ruzizi, pale maji yanapotoka ziwani: Ruzizi ya kwanza ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ya pili ilizinduliwa 1989 kwa ushirikiano wa Kongo, Rwanda na Burundi. Chupa na mifuko ya plastiki inayotupwa kwenye mifereji ya mji huteremka na mvua hadi ziwani, kisha husukumwa mpaka kwenye bwawa la Ruzizi ya kwanza na kuziba njia ya maji ya mitambo. Umeme unapungua, SNEL, shirika la umeme, inakata, na mashine inasimama katikati ya mlango. Ubaya mkubwa zaidi ni pale umeme unaposhuka nguvu bila kukatika: mashine inapoteza kasi, dawa inakaukia kwenye rangi, na fundi asiyesikia mabadiliko ya sauti yake anakandamiza zaidi. Ndiyo maana wengi huweka kazi ya mashine kwenye saa ambazo umeme huwa imara, au huwasha jenereta na kuongeza mafuta kwenye bei.

Gari lenyewe ni kubwa. Lina urefu wa zaidi ya mita tano na kimo cha mita mbili na zaidi, na paa ndiyo sehemu inayosahauliwa na kila mtu kwa sababu hakuna anayeiona kutoka chini. Lakini ndiyo inayochomwa kuliko zote. Fundi mwaminifu hupanda ngazi, huosha paa, huigusa kwa kiganja, na kama unga ni mwingi mno humwambia mwenye gari ukweli: hapa mashine haisaidii, hapa panahitaji kupakwa upya. Pembe za madigadi, mikunjo ya boneti na kingo za milango nazo zina hatari zake. Rangi mbichi huukimbia kila ukingo inapokauka, kwa hiyo pale ndipo ilipo nyembamba, na pale ndipo sponji linapogusa kwa nguvu zaidi. Skochi inabaki mpaka mwisho, kisha ukingo unamaliziwa kwa mkono.

Taa pia zinamsubiri. Zile za zamani za mviringo, za kioo, hazigeuki manjano. Za sasa zenye kifuniko cha plastiki hugeuka, na kuzipiga msasa wa maji na polishi huzirudishia mwanga, lakini bila kinga mpya juu yake zitarudi manjano upesi kuliko mara ya kwanza.

Mng'ao ukishapatikana unahitaji kinga. Ya zamani ni nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mnazi-nta wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80 za Selsiasi, huipa rangi joto la kupendeza, na kwa mvua za Kivu haikai sana. Ya sasa ni ile inayoitwa seramiki, yenye asili ya silika, inayokauka na kushikamana na rangi kwa muda mrefu zaidi. Inasaidia: maji hayakai, tope linatoka kirahisi. Lakini wauzaji hupenda kusema ina ugumu wa 9H, na msikilizaji akidhani hiyo ni namba ya ugumu wa mawe, karibu na almasi, amepotoshwa. Hiyo ni kipimo cha penseli, namna ya kuona penseli ngumu kiasi gani itakwangua tabaka. Tawi la mti wa Bunyakiri halijui kusoma 9H. Safu hiyo ni nyembamba mno, na tope likisuguliwa juu yake, itakwaruzika kama nyingine.

Kabla ya kuiacha karakana kuna mambo mawili ambayo hayamo kwenye bei, na inauma kwamba hayamo. La kwanza ni mapafu. Vumbi la rangi iliyopigwa msasa haliishii kwenye nguo, na vanishi za kisasa zenye kigumushi huwa na isosianati, kemikali inayoweza kumletea mpuliziaji pumu ya kudumu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii hatari hiyo. Barakoa yenye kichujio cha kemikali ndiyo inayohitajika, na vijana wengi wanaofundishwa kazi hawajawahi kuivaa. La pili ni maji. Bukavu ni mji wa miteremko. Sabuni, mafuta na mazutu yanayomwagika Kasha hayabaki Kasha: yanafuata mfereji hadi ziwa Kivu, ambako usiku wavuvi huwasha taa kuvua sambaza. Shimo dogo lenye changarawe na mchanga mbele ya mahali pa kuoshea lingezuia sehemu kubwa ya matope na mafuta hayo. Halihitaji mradi wala mfadhili, linahitaji sururu na siku moja ya kazi.

Turudi kwenye ule mlango. Siku ya pili jioni, fundi amepiga uwanda wote kuzunguka herufi kwa dawa ya wastani. Unga mweupe umejaa kwenye sponji mara nyingi, ameusafisha kwa brashi, ameendelea. Tabaka lililochoka limetoka, rangi iliyo chini yake ni nzima, na tofauti kati ya pale palipokuwa na stika na pale palipokuwa na jua imepungua sana. Mchana haionekani. Jua linapoinama nyuma ya vilima vya Kabare, herufi moja, ya mwisho, bado inatokea kidogo.

Mwenye gari amerudi, ameiona.

"Fundi, piga tena mara moja tu."

"Papa, naweza. Lakini mlango huu umekwisha kutoa ya kwake. Nikipiga tena, itakayotoka ni ile ambayo ungeitumia mwaka kesho."

Wanazunguka gari pamoja. Fundi anamwonyesha ukingo wa boneti, ambapo mtu mwingine, miaka iliyopita, alipiga mara moja tu zaidi: mstari mwembamba wa kijivu, rangi ya msingi imejitokeza, na pembezoni mwake tayari kuna nukta ndogo ya kutu. Mwenye gari anaigusa kwa kidole. Anatoa pesa, anaomba aonyeshwe tena jinsi ya kuosha kwa ndoo mbili, na kesho yake alfajiri gari linashika njia ya Walungu, likiwa na mama watatu na magunia ya mihogo, herufi moja hafifu ikiwa mlangoni upande wa dereva.